Nani Kiboko wa Houston?

Msomaji, hapa Babati kijana akirefuka kidogo tu, haishi kuambiwa: "Wewe kacheze kikapu, utakuwa Hasheem Thabeet!" Maneno ya kutia moyo, sawa, lakini yanafanya urefu uonekane kuwa ndiyo kazi yenyewe. Hebu tuyapime kwa timu moja ya Marekani, Houston Rockets. Timu hiyo imejaliwa masenta, yaani wale warefu wanaolinda na kufunga chini ya kikapu, na Thabeet naye alipita hapo. Hii ndiyo orodha yangu.

Wa kwanza, hakuna ubishi, ni Hakeem Olajuwon wa Lagos. Jamaa alikuwa kipa wa kandanda na mchezaji wa mpira wa mikono kabla hajajifunza kikapu. Alijiunga na Rockets mwaka 1984, na miguu ile ya kandanda ikawazungusha wazuiaji mpaka basi. Akaleta ubingwa 1994 na 1995. Mitupo 3,830 aliyoizuia ni rekodi ya ligi mpaka leo.

Wa pili ni Moses Malone, aliyekuwapo kuanzia 1976 hadi 1982. Mpira ukikosa kikapu, basi ni wake. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi 1979 na 1982, na aliifikisha timu fainali mwaka 1981.

Wa tatu ni Yao Ming wa China. Alikuja 2002, mikono laini na akili nyingi, lakini majeraha ya mguu yakamstaafisha 2011. Wa nne ni Ralph Sampson, aliyekuja 1983. Yeye na Hakeem walifika fainali 1986, kisha magoti yakamsaliti.

Wa tano ni Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alifika Houston 2004 akiwa na miaka 38, umri ambao wenzake wengi wameshastaafu, akazuia mitupo hadi 2009. Mwaka 2007 hospitali aliyoijenga kwao, yenye jina la mama yake, ilifunguliwa.

Na Thabeet wetu? Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili na Memphis, mbele ya Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi ile, na heshima hiyo hamnyang'anyi mtu. Februari 2011 akahamishiwa Houston, akacheza mechi za kuhesabu kwa vidole.

Sasa chukua futi kamba. Yao meta 2.29, Sampson 2.24, Thabeet 2.21, Mutombo 2.18, Hakeem 2.13, Malone 2.08. Umeona, bwana? Wafupi wawili wa kundi hili ndio wa kwanza na wa pili! Mwili mrefu hata huwahi kuchoka magoti na nyayo. Kilichowapandisha Hakeem na Malone ni hatua za miguu, kujua mpira utaangukia wapi, na miaka mingi ya kurudia jambo lile lile.

Urefu ni kama shamba la bonde la Kiru. Udongo ni mzuri kweli, lakini usipopalilia utavuna magugu. Kwa hiyo tukimwona kijana mrefu stendi, tusimpe jina la Thabeet tu na kwenda zetu. Tumpe mpira, tumpe mwalimu, tumpe na muda. Na yule mfupi kidogo aliyesimama pembeni yake, tusimfukuze uwanjani.