Tambuka, Star Wars na Swali la "Ya Kweli ni Ipi?"

Wadau, nimekuwa kimya. Nilikuwa nyumbani Lamu, kompyuta mkobani.

Wapenzi wa Star Wars wanakumbuka Aprili 2014. Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya nyingi zilizoandikwa kando ya filamu, zikiwemo za Timothy Zahn zilizoanza mwaka 1991, si historia rasmi tena. Zikapewa jina "Legends". Wasomaji wakagawanyika: kuna waliofurahi, kuna walioona miaka yao imefutwa. Mimi nilifurahi. Programu yenye matawi mengi hunichosha.

Basi nikamwambia ami yangu kwamba kwa hesabu hiyo hata Utendi wa Tambuka ufutwe. Mwengo bin Athman aliutunga Pate mwaka 1728, beti zaidi ya 1,100 za vita vikali dhidi ya Herekali, mfalme wa Warumi. Lakini wanahistoria wanasema mwaka 630 jeshi la Waislamu lilifika Tabuk, halikukuta jeshi la Warumi, likarudi bila kupigana nalo.

Ami akacheka. "Mwanangu, haya, vita havikuwapo. Je, Kiswahili cha Pate cha wakati ule utakipata wapi?"

Sikuwa na jibu. Utendi huo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili tuliyo nayo. Ukiufuta kwa kosa la tukio, umefuta na lugha.

Kwa hiyo nimebadili msimamo: weka alama panapotofautiana na chanzo, usifute. Vitabu vya Zahn nimevirudisha rafuni. Wewe je?