Urais wa Marekani
Rais wa Marekani ni mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na amiri jeshi mkuu kwa wakati mmoja. Katiba inamtaka awe raia wa kuzaliwa, ametimiza miaka 35 na ameishi nchini humo miaka 14. Elimu na mali hazitajwi. Huchaguliwa kwa kura zisizopungua 270 kati ya 538 za wajumbe wa majimbo, kwa muhula wa miaka 4. Tangu marekebisho ya 1951, hachaguliwi zaidi ya mara mbili.

Kinachomruhusu kuanza kutumia mamlaka yake ni kiapo, si gwaride la sherehe. Saa 8:47 usiku, tarehe 3 Agosti 1923, Rais Warren Harding akiwa amefariki, makamu wake Calvin Coolidge aliapishwa nyumbani kwao Vermont na baba yake mzazi, kwa mwanga wa taa ya chemni.

Rais huteua mawaziri na majaji, lakini Seneti ndiyo huwathibitisha. Mswada asioukubali huurudisha bungeni ndani ya siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Mabaraza yote mawili ya bunge yakiupitisha tena kwa theluthi mbili, unakuwa sheria bila saini yake, na ni wajibu wake kuitekeleza kwa uaminifu.