Garasa au bahati mbaya? Hivi ndivyo wachezaji waliochaguliwa mapema drafti ya NFL wanavyopimwa

Ukisikia drafti ya NFL, usifikirie ile ya vizibo vya soda kijiweni. Hii ni shughuli ya kila mwaka ambapo timu 32 za futiboli ya Kimarekani huchagua vijana wanaotoka vyuoni, kwa raundi 7. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo huchagua kwanza.

Anayechaguliwa mapema hutarajiwa kuwa mkombozi. Akishindwa, anaitwa garasa, na jina hilo halifutiki kirahisi. Lakini si kila aliyefeli ni garasa. Kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya kuhukumu.

1. Timu ilitoa nini kumpata?

Mwaka 1998, Chargers walitoa chaguo mbili za raundi ya kwanza, moja ya raundi ya pili na wachezaji wawili, ili tu wasogee kutoka namba 3 hadi namba 2. Wakamchukua Ryan Leaf, kwotabeki, yaani yule anayeongoza mashambulizi kwa kurusha mpira. Katika mechi 21 alizoanza NFL, alishinda 4 tu. Alirusha pasi 14 za tachidauni, huku 36 zikinaswa na wapinzani.

Naye JaMarcus Russell, namba 1 wa mwaka 2007, aliahidiwa na Raiders zaidi ya dola milioni 30 za uhakika. Alishinda mechi 7 kati ya 25 alizoanza, akaachwa mwaka 2010 akiwa na miaka 24 tu. Hakucheza tena NFL.

2. Nani aliachwa?

Mwaka 1989, Packers walimchagua Tony Mandarich namba 2. Namba 1 alikuwa Troy Aikman, namba 3 Barry Sanders, namba 4 Derrick Thomas na namba 5 Deion Sanders. Wote wanne wameingia kwenye Ukumbi wa Magwiji isipokuwa Mandarich. Hata hivyo, kipimo hiki kinaipima timu zaidi kuliko mchezaji. Mandarich hakujichagua mwenyewe.

3. Alifeli au aliumia?

Ki-Jana Carter, mkimbiza mpira aliyekuwa namba 1 mwaka 1995, aliumia goti vibaya katika mechi yake ya kwanza ya kujiandaa na msimu, akiwa ameshika mpira kwa mara ya tatu tu. Aliporudi hakuwa yule tena, na hakuwahi kufikisha yadi 500 kwa msimu. Kwa Bengals ilikuwa hasara kweli. Ila kumweka kapu moja na Leaf ni kumwonea.

4. Amepewa muda?

Alex Smith alikuwa namba 1 mwaka 2005, huku Aaron Rodgers akisubiri hadi namba 24. Msimu wa kwanza Smith alirusha tachidauni 1, na pasi 11 zikanaswa. Wengi wakamfuta. Lakini miaka ya mwanzo alikuwa akibadilishiwa mwalimu wa mashambulizi karibu kila msimu. Msimu wa 2011, chini ya kocha mpya, aliifikisha 49ers hatua moja kabla ya Super Bowl. Aliendelea kucheza hadi mwaka 2020.

Hukumu itolewe lini?

Wachambuzi wengi husubiri angalau misimu mitatu. Hiyo ni busara, kwa sababu utaratibu wenyewe humpeleka kijana bora kwenye timu mbovu: ulinzi dhaifu, makocha wanaofukuzwa, mashabiki waliochoka kusubiri.

Kwa hiyo Leaf na Russell walipata nafasi na hawakuitumia. Hao ni garasa. Carter aliangushwa na goti. Smith aliangushwa na haraka za watu, kisha akainuka. Namba ya kuchaguliwa inaonyesha timu ilitarajia nini. Haisemi kosa lilikuwa la nani.