Mchanga wa Mto Wala na milima iliyokwisha

Mpagazi wa Kinyamwezi aliyetoka Bagamoyo na mzigo begani aliijua milima ya Usagara kwa magoti yake. Akishaivuka, akapita Mpwapwa na kulipa hongo Ugogo, nchi ilitandaa mbele yake hadi Kaze, Tabora ya leo. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wamekaa njiani zaidi ya miezi minne, wakakuta tambarare ya miombo na majabali ya itale yaliyobebana.

Majabali hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na itale haipoi juu ya ardhi, bali kilomita kadhaa chini. Ikiwa leo mtoto anaweza kukaa juu yake akichunga mbuzi, basi chote kilichoifunika kimeliwa na mvua na jua, kikachukuliwa na mito kikiwa mchanga. Anayetaka habari za milima iliyokwisha hana budi kuuliza mchanga.

Ndani ya mchanga mna punje ngumu iitwayo zirkoni, ambayo mara nyingi ni ndogo kuliko punje ya chumvi. Inapoumbika katika mwamba ulioyeyuka hupokea urani kidogo na kuikataa risasi. Tangu hapo urani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika: nusu ya urani 238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani 235 kwa miaka milioni 704. Ni saa mbili katika punje moja, na zikikubaliana, mpimaji ana haki ya kuuamini umri anaousoma. Mwamba mama ukisagika, zirkoni husafiri na saa zake.

Kuitafuta si kazi ngeni kwa wachimbaji wadogo wa Nzega. Jiwe husagwa, unga wake ukaoshwa kama wanavyoosha dhahabu mwaloni: chepesi huondoka na maji, kizito hubaki. Sumaku huondoa chuma, kisha punje huchaguliwa moja moja chini ya hadubini. Hupimwa mia moja au zaidi, kwa sababu punje moja ni shahidi mmoja tu. Zenye miaka bilioni 2.6 zinaelekeza kwenye kiini kikongwe cha nchi, ambamo Tabora imo. Zenye bilioni 1.9 zinaelekeza Ubende, kando ya Ziwa Tanganyika. Zenye milioni 640 hivi zinaelekeza mashariki, kwenye ukanda wa miamba iliyokunjwa mabara yalipogongana. Ukanda huo Mwingereza Arthur Holmes, mmoja wa waanzilishi wa kupima umri wa miamba kwa urani na risasi, aliupa jina la Msumbiji, nchi aliyoikanyaga mwaka 1911 akitafuta madini.

Kanda nyingine mbili kongwe wanajiolojia waliziita kwa majina ya wenyeji: Usagara na Ubende. Usagara kuna miamba iliyoshindiliwa kina kirefu miaka bilioni 2 iliyopita. Kwa Ubende, Nelson Boniface wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba baadhi ya miamba iliyozamishwa hivyo ilianza kama sakafu ya bahari, na kwamba milima ilijengeka pale katika vipindi vitatu tofauti. Bahari, Ubende! Mimi bado sijaizoea habari hiyo.

Mwaka huohuo wa 2012, mwanajiolojia Eric Roberts na wenzake walichapisha matokeo ya mchanga wa bonde la Rukwa. Punje za zirkoni, majivu ya volkano na alama za mikondo ya kale vilionyesha kwamba mito iligeuza mwelekeo ardhi ilipoanza kuinuka, na kwamba kufikia miaka milioni 25 iliyopita volkano na ziwa vilikuwa vimeanza. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa likaonekana kuwa kongwe kwa zaidi ya miaka milioni 14 kuliko lilivyodhaniwa. Mito ya kale ilipita, mchanga wake ukabaki kuwa ushahidi.

Na safari ya mchanga haijaisha. Mto Wala wa Tabora huingia Mto Ugalla, Ugalla ukaingia Malagarasi, nao ukapita Uvinza, palipochemshwa chumvi karne nyingi kabla ya misafara, hadi Ziwa Tanganyika. Ni upande uleule walioelekea wapagazi wakienda Ujiji.

Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kuna makumbusho katika tembe alimoishi msafiri David Livingstone mwaka 1872. Ningependa liwekwe pale kopo moja la mchanga wa Wala, pamoja na umri wa punje zake. Nanyi walimu wa jiografia wa Tabora, msingoje kopo hilo: maji yakipungua, wapelekeni watoto mtoni na karai.