Springi za Makambako: tubadili gari au tubadili miguu yake?



Siku hizi nina ubishi na washikaji wa mjini. Wao wanasema gari likianza kurusharusha abiria, uza, agiza jingine Japani. Mjomba wangu wa Makambako, mwenye Landrova ya zamani, anasema bodi haina kosa, kilichochoka ni miguu. Badili miguu, safari iendelee. Nani yuko sahihi? Nimeona tupekue historia kidogo, maana ubishi huu haukuanza jana.

Springi bapa, zile za vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, zina umri kuliko gari lenyewe. Mwingereza Obadiah Elliott alipewa hataza ya springi za namna hiyo mwaka 1804, kwa ajili ya mikokoteni ya farasi! Mwaka 1955 Wafaransa wa Citroën wakaonyesha gari la DS jijini Paris, likielea juu ya mafuta na gesi badala ya chuma. Mwaka 1983 Toyota ikaweka kwenye Soarer mfumo wa umeme uitwao TEMS. Siri yake si uchawi. Ndani ya shokapu kuna mafuta yanayopenya kwenye vitundu. Kitundu kikiwa kipana shokapu inakuwa laini, kikiwa chembamba inakuwa ngumu. Umeme unabadilisha vitundu hivyo wakati gari linatembea.

Sasa turudi nyumbani. Novemba 1965 Ian Smith alitangaza uhuru wake wa upande mmoja kule Rhodesia, na njia ya mafuta ya Zambia ikakatwa. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya. Barabara ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika. Madereva wakaipa jina linalomaanisha mbio za jehanamu, na hawakutia chumvi. Lori lililoundwa kwa ajili ya lami ya Ulaya lilipakiwa mapipa, likapigwa mashimo mamia ya kilomita. Kitu cha kwanza kulia ni springi. Nani angesubiri lori jipya wakati nchi jirani haina mafuta? Lilifungwa lililopo, likaondoka.

Lami ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha TAZARA ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, na Makambako ikapata stesheni. Miaka ya 1980 ikajengwa lami ya Makambako hadi Songea kwa msaada wa Uingereza, ikipita Njombe. Makambako ikawa njia panda yenye gereji. Gereji hizo zilikuwa na kazi kweli kweli, kwa sababu baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 nchi ilikauka fedha za kigeni. Spea hakuna, gari jipya ni ndoto. Fundi akachukua springi ya lori lililokufa, akaikata, akaiongeza kwenye gari linaloishi. Kilichobaki kikaenda kwa mhunzi, kikawa kisu au panga. Hakuna kilichotupwa.

Halafu ikaja Ruksa ya Mzee Mwinyi, na baadaye mafuriko ya magari ya mtumba kutoka Japani. Hapo ndipo historia ikageuka kichekesho. Baadhi ya magari hayo yalikuja na shokapu za umeme, na baadhi ya yale mashangingi yakaja na mfumo wa mafuta unaopandisha na kushusha gari. Ukiharibika? Fundi anang'oa, anafunga springi na shokapu za kawaida. Ulaya mtu analipa apate akili kwenye miguu ya gari, sisi tunalipa kuitoa!

Washikaji wanaita huo ushamba. Mimi nakataa. Landrova ilikaa na springi bapa tangu 1948 hadi 1983, ilipotoka One Ten yenye koili, huku bodi ikibaki inafanana sana na ya zamani. Yaani kiwanda chenyewe kilifanya anachosema mjomba. Tena shokapu za umeme zinahitaji vihisio, nyaya, kompyuta, na mtu wa kuisoma hiyo kompyuta. Mtu huyo akiwa Dar es Salaam peke yake, basi ukikwama njia ya Ludewa teknolojia hiyo si yako.

Lakini mjomba naye simwachii hivi hivi. Springi ina ugumu wake kwa sababu chuma kilipashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Ukiichomelea ikivunjika, moto wa kuchomelea unaua ule ugumu, na itakatika tena palepale, pengine kwenye mteremko na abiria kumi ndani. Ukiongeza vyuma ili ubebe viazi vingi zaidi, breki hazijaongezeka. Ukiinua gari, linakuwa jepesi kupinduka kwenye kona. Shokapu iliyokufa inafanya tairi lidundedunde, na tairi lililo hewani halishiki breki. Huko ndiko roho za watu zinakopotelea, na neno "tumezoea" halimrudishi mtu.

Kwa hiyo kubadili miguu ni sawa, tena ni urithi wetu, ila miguu ilingane na mwili. Mafundi waliolea malori ya jehanamu wana elimu ambayo haijaandikwa popote. Vyuo vya VETA viwaite, viwasikilize, viwapime na kuwapa vyeti, na vijana wafundishwe springi na kompyuta kwa pamoja. Tukisubiri, wazee hao watazikwa na elimu yao, na sisi tutabaki kuagiza Japani mpaka shilingi iishe.