Nyumba za Mawe za Lamu na Haki ya Binti

Kwa waungwana wa Lamu wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, nyumba ya mawe ilikuwa kwanza mali ya mwanamke. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake nyumba kabla ya harusi, na bwana harusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mabinti walipokuwa wengi, nyumba ziliongezwa juu ya paa la wazazi au ubavuni. Kichochoro kikiwa kati, lilijengwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia na kuunganisha nyumba mbili, huku punda na wapita njia wakiendelea na safari zao chini. Wanawake wa ukoo waliweza kutembeleana bila kukanyaga barabara, na bibi, mama na wajukuu wakakaa karibu, kila kaya na mlango wake.

Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari kwa boriti za mikoko. Boriti haikufika mbali, takriban mita 3 tu, kwa hiyo vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, vikifuatana kutoka kiwandani, yaani uani: misana (kumbi) miwili, kisha chumba kiitwacho ndani chenye ukuta wa zidaka, yaani vishubaka, na nyuma kabisa chumba kiitwacho nyumba ya kati. Mgeni wa kiume aliishia dakani, yaani barazani mlangoni, au akapandishwa sabule, chumba cha wageni. Nyumba ya kati haikuwa yake kamwe: humo watoto walizaliwa na maiti wa ukoo wakaoshwa.

Faida kubwa ya mpango huu ilikuwa usalama wa mwanamke. Ndoa ikivunjika, aliyefungasha virago ni mume. Mama na watoto walibaki palepale, bibi na khaloo (dada wa mama) wakiwa hatua chache tu. Katika mirathi ya Kiislamu binti hupata nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume, lakini nyumba aliyopewa hiba, yaani zawadi, baba angali hai haikuingia katika mgawo huo. Wengine waliifanya nyumba kuwa wakfu, isiuzwe.

Utulivu huo ulikuwa na gharama, na hauwezi kusifiwa bila kuitaja. Kazi za nyumba na mashamba yaliyoitajirisha zilifanywa na watumwa, na baadhi yao walilazwa vyumba vya chini. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, utajiri wa waungwana, uliokwisha kupungua, ulizidi kudidimia. Vijana walihamia Mombasa kutafuta kazi, na nyumba kadhaa za mtaa wa Mkomani mjini Lamu zikaanguka kwa kukosa wa kuzikarabati.

UNESCO iliuandikisha mji wa kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Tangu hapo kuta zinalindwa kuliko ukoo: nyumba nyingi zimenunuliwa na watu wa nje au kugeuzwa nyumba za wageni, na bei zake zimepanda kupita uwezo wa baba wa kawaida wa Lamu anayemwoza binti yake.