Jembe la Mtumwa, Jembe la Mtu Huru



Wapendwa waamini, juma lililopita alitujia ofisini kijana mmoja fundi cherehani, akaomba tufike kumbarikia kibanda anachokusudia kukifungua. Amepanga chumba kimoja kando ya barabara, amenunua cherehani mbili zilizokwisha kutumika, na amempata kijana mdogo wa kumsaidia. Tulipomuuliza alikojifunzia kazi, alitueleza kwamba kwa miaka mitatu alishona kwa mtu mwingine, muumini mwenzetu wa mahali pengine, ambaye kila asubuhi alianza kazi kwa sala pamoja na mafundi wake, na kila mwisho wa mwezi aliwaambia wavumilie, Mungu yupo. Tangu siku ile fikra zetu zimekuwa zikirudi Bagamoyo. Ndiyo maana tafakari yetu ya juma hili ni ya historia, na tunaomba mtuvumilie ikiwa ndefu kidogo.

Wengi wenu mmekwenda Bagamoyo kuhiji. Mmepita chini ya miembe ile mirefu, mmeuona msalaba ulio pwani, mmesali makaburini walikolala wamisionari, wengi wao wakiwa wamefariki vijana kwa homa. Mara nyingi tunasimuliwa habari hii kwa upande wa wale waliokuja kwa merikebu. Leo tungependa kuitazama kwa upande wa wale walioletwa kwa miguu kutoka bara wakiwa wamefungwa kamba, kisha siku moja wakaambiwa, “Sasa ninyi ni huru. Haya, chukueni majembe twende shambani.”

Neno hilo liliingiaje masikioni mwao? Mtu aliyenyakuliwa kwao akiwa mtoto, akaona jembe, mzigo na mjeledi vikienda pamoja daima, ataamini vipi kwamba jembe lile lile, katika mkono ule ule, sasa ni kitu kingine?

Mapadre wa kwanza wa Kikatoliki wa nyakati hizo walifika Unguja mwezi Desemba 1860, wakitokea kisiwa cha Réunion, wakiongozwa na Padre Fava. Pamoja nao walikuja masista wa Shirika la Mabinti wa Maria, nasi tungependa kutua hapa kwa kitambo, maana masista hawa husahauliwa upesi mno. Shirika lao lilianzishwa Réunion mwaka 1849, miezi michache tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo mwezi Desemba 1848. Lilianzishwa ili wanawake waliotoka katika utumwa waweze kupokelewa katika maisha ya kitawa bega kwa bega na mabinti wa mabwana wa jana. Fikirini jambo hilo kwa nyakati zile! Mwanamke aliyelima miwa ya mwingine na mwanamke aliyekula faida ya miwa hiyo wakavaa vazi moja, wakala meza moja, wakafua nguo katika karo moja. Masista wa shirika hilo ndio waliofungua milango yao Unguja, kwa wagonjwa na kwa mabinti waliokombolewa sokoni. Baadaye, mwaka 1863, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaupokea utume huo chini ya Padre Antoine Horner.

Miongoni mwa mabinti hao alikuwapo mmoja aitwaye Swema, wa kabila la Wayao. Habari zake zilichapishwa Paris mwaka 1870 na Monsinyori Gaume, kutokana na simulizi lililotoka kwa Padre Horner. Inatupasa kuzisoma kwa uangalifu, kwa kuwa ziliandikwa ili kuigusa mioyo ya wafadhili wa Ulaya, na sauti ya binti mwenyewe inatufikia kwa kupitia vinywa vya wengine. Hata hivyo wanahistoria wa siku zetu hawajazitupa. Inasimuliwa kwamba Swema alichukuliwa katika msafara pamoja na mama yake. Mama akaishiwa nguvu njiani akaachwa afe. Binti alifika Unguja akiwa hoi kiasi kwamba hakuna aliyetarajia kupata faida kwake. Akaviringishwa katika mkeka na kufukiwa akiwa bado hai. Kijana mmoja wa Réunion akaisikia sauti yake, akamfukua, akampeleka kwa masista.

Alipopona alipewa kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Ndipo siku moja akaletwa mtu mwenye majeraha, na Swema akamtambua: ni mmoja wa wale waliomtenda. Alitetemeka, akakataa kumkaribia. Simulizi linasema kwamba baada ya mapambano makubwa ya moyo alirudi, akaomba neema ya kusamehe, akamfunga vidonda vyake. Sisi hatuna haja ya kulipamba jambo hilo. Tunaona tu kwamba mwanzo mpya wa Swema haukuwa siku ile alipotolewa kaburini, wala siku aliyoambiwa yu huru. Ulikuja akiwa kazini, ameshika kitambaa na maji ya kuoshea kidonda, mahali ambapo angeweza kugeuka na kuondoka.

Padre Horner aliona kwamba mji wa Unguja haukuwa na nafasi ya kutosha kwa watoto waliozidi kuongezeka. Wengine alikuwa akiwanunua sokoni ili kuwakomboa, wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza. Fedha nyingi za ukombozi huo zilitoka kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, yaani senti za watoto wa Ufaransa na nchi jirani. (Watoto wetu wanaotoa sadaka katika Utoto Mtakatifu wajue kwamba wanaendeleza jambo la zamani.) Wapo waliouliza tangu wakati ule kama kununua watumwa, hata kwa nia ya kuwaacha huru, si kuwaongezea wauzaji faida. Ni swali la haki, na wamisionari hawakuweza kulijibu kikamilifu. Soko lenyewe lilikuja kufungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba kwa shinikizo la Uingereza.

Mwezi Machi 1868 ndipo misioni ya Bagamoyo ilipoanzishwa, na karibu yake kijiji cha Wakristo walioachwa huru. Mahali penyewe palikuwa penye maana. Bagamoyo ndiko ilikoishia njia kuu ya misafara kutoka Ujiji na Unyanyembe, njia ya meno ya tembo na ya watu. Tuseme pia, kwa ajili ya ukweli, kwamba si kila aliyebeba mzigo katika njia ile alikuwa mtumwa: wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa watu huru waliofanya kazi ya ujira, wenye fahari yao na mapatano yao ya malipo. Jambo hili tutalirudia.

Misioni ikafyeka pori, ikapanda minazi na mazao ya chakula. Wavulana walifundishwa useremala, uhunzi na ujenzi, wasichana wakafundishwa kushona na kazi za nyumbani, na wote pamoja kusoma na katekesi. Walipokua walioana, wakapewa nyumba na shamba dogo. Mabruda walifanya kazi kwa mikono yao pamoja na vijana. Kisha yakaja maafa. Kipindupindu kilichoikumba Unguja na pwani mwaka 1869 na 1870 kiliwachukua wengi. Mwezi Aprili 1872 ikavuma tufani ambayo wazee wa pwani waliisimulia kwa miaka mingi. Iling'oa minazi, ikayabomoa majengo yaliyosimamishwa kwa jasho la miaka minne. Kazi ikaanza upya. Nyumba za mawe tunazoziona leo, pamoja na lile jumba la masista lililogeuzwa makumbusho, ni za baada ya tufani hiyo.

Mtu anaweza kuishia hapo, akatoa shukrani, akafunga kitabu. Hivyo ndivyo tulivyozoea kuhubiri kuhusu Bagamoyo, nasi wenyewe tumewahi kufanya hivyo. Lakini kumbukumbu za wamisionari wenyewe zina kurasa nyingine. Siku ilikatwa kwa kengele: kengele ya kuamka, ya sala, ya shamba, ya kulala. Watu wazima, walio na wake na watoto, walitakiwa kutumia sehemu kubwa ya juma katika mashamba ya misioni, na sehemu ndogo katika mashamba yao. Hawakuruhusiwa kuondoka wapendavyo. Palikuwa na adhabu. Na hapo karibu, mjini, walipita wapagazi wakiwa na ujira wao mkononi.

Basi watu wakaanza kuondoka. Wengine walikwenda Unguja, wengine walijiunga na misafara, wengine walitafuta kazi ya mshahara mjini. Mapadre walisikitika sana, wakaandika juu ya ukosefu wa shukrani na udhaifu wa imani. Nasi tunaposoma leo hatuna budi kuuliza kama ulikuwa udhaifu wa imani kweli. Je, si wale mapadre waliowafundisha kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu? Mtu akikiamini kitu hicho kwa moyo wote, akakitazama kisha akaitazama kengele, haishangazi kwamba ataomba mshahara. Huenda baadhi yao waliondoka kwa sababu walikuwa wameielewa katekesi vizuri kuliko walimu wao.

Hatusemi haya ili kuwadharau mababa zetu katika imani. Walikufa kwa ajili yetu, na makaburi yao ni shahidi. Walikuwa watu wa wakati wao: huko kwao Ulaya watoto wa maskini walilelewa kwa kengele hiyo hiyo, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Tatu alikuwa bado hajatoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, uliokuja mwaka 1891, ambao ulisema waziwazi kwamba ujira wa haki si hisani ya tajiri. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili naye alikuja kufundisha mwaka 1981 kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, na si mtu kwa ajili ya kazi. Bagamoyo ya 1868 haikuwa na nyaraka hizo mezani.

Ilikuwa hata hivyo na Barua ya Mtakatifu Paulo kwa Filemoni, iliyo fupi kuliko zote alizoandika. Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake, anarudishwa kwake kama ndugu mpendwa. Mara nyingi tunaishia kwenye neno hilo “ndugu”. Tunasahau kwamba Paulo anazungumza pia habari za deni: kama Onesimo amepunja kitu, kiandikwe juu yangu, nitalipa mimi. Tena anatia saini kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliokwisha kushona mahema kule Korintho katika nyumba ya Akila na Priska. Fundi yule alijua hesabu. Hakudhani kwamba udugu katika Kristo unafuta daftari.

Yapo mambo yaliyofanikiwa vizuri kuliko kijiji cha kengele, na moja lilitokea mwaka 1877. Misioni iliamua kuingia bara, ikafungua kituo Mhonda, katika nchi ya Uzigua chini ya milima ya Nguru. Waliofuatana na mapadre kwenda kuanza huko walikuwa vijana wa Bagamoyo, wanandoa waliokulia misioni. Tafakarini njia waliyoishika. Ni ile ile ya kuelekea bara ambako walinyakuliwa au wazazi wao walinyakuliwa. Walishuka kwa kamba, sasa wanapanda na majembe, mbegu na rozari zao, watu wa kukaribishwa au kukataliwa na wenyeji kama mgeni yeyote. Baada ya Mhonda ikafuata Mandera mwaka 1881, kisha Morogoro. Kanisa la bara ya mashariki ya nchi yetu halikuanza na mapadre peke yao. Lilianza na kaya hizo, ambazo jirani mpagani aliweza kuziangalia zikilima, zikivuna, zikizika wafu wao, akaamua mwenyewe kama imani hiyo inafaa kitu.

Majina yao mengi hayakuandikwa popote penye kumbukumbu yetu ya kila siku. Tunapoomba kwa ajili ya marehemu wote mwezi Novemba, tunawaombeni wapendwa muwatie nia hao pia.

Tulikwenda kumbarikia kibanda yule kijana siku ya Jumamosi jioni, pamoja na wazee wawili wa jumuiya yake. Tulinyunyizia maji ya baraka cherehani zote mbili, mkasi, na meza ya kukatia. Akina mama waliimba. Kisha tulimwita pembeni, tukamwuliza atamlipa kiasi gani yule msaidizi wake, na lini. Alinyamaza kitambo, akatazama chini. “Baba,” akasema, “mimi mwenyewe sijajua nitapata nini.” Tukamwambia kwamba tunafahamu, lakini kijana yule naye ana chumba cha kulipia. Akamwita, wakasogea nje kidogo wote wawili, wakazungumza kwa muda. Waliporudi alitutajia kiasi, si kikubwa, na akasema watakuwa wanahesabiana kila Jumamosi kabla ya kufunga. Mmoja wa wazee akaomba kalamu, akayaandika hayo nyuma ya karatasi ya mpango wa ibada, na wote wawili wakatia saini.